Boksi la Ambokile

Alhamisi asubuhi Tusekile Mwambene alilipangusa boksi kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, polepole, kama mtu anayempangusa mtoto uso, kisha akalifunga ndani ya kitenge chake kizuri.

Halikuwa kubwa. Lingeenea kwenye kapu la mayai. Lakini humo ndimo gari huweka akili zake: kila safari liliyokwenda, kila mara breki ilipokanyagwa, kila agizo ambalo Kampuni iliyoliunda ililituma kupitia angani kutoka ng'ambo. Mafundi wa barabara ile waliliita kontroli boksi, na wakiwa na haraka, boksi tu.

Chini ya paa la bati, gari la wagonjwa lilikuwa limesimama tangu Jumatatu jioni. Radi ilipiga nguzo ya kuchajia na boksi lake likaungua. Mota nzima, betri nzima, matairi mapya. Lakini gari lisilo na boksi halijui kwamba lenyewe ni gari.

"Shikamoo, mwalimu," Tusekile alisema bila kugeuka. Alimjua Mzee Anyelwisye kwa mwendo wake, alivyokuwa akiburuza miguu kwenye kokoto.

"Marahaba, fundi. Unaona ninavyotembea peku? Viatu vyangu leo vimenikataa. Vinasema miguu hii haviitambui, nitafute miguu halisi ya kiwandani."

Tusekile alicheka, halafu akaiangalia ile miguu, na kicheko kikaisha. Ilikuwa imevimba hadi vifundoni hamna shimo wala mfupa.

Mzee Anyelwisye alifundisha hesabu Inyala kwa miaka thelathini. Sasa figo zake zilikuwa zimekufa, kama za wenzake sita, na mara tatu kwa juma gari lile liliwapeleka mjini Mbeya kusafishwa damu. Jumanne hawakwenda. Leo hawataenda. Mabasi makubwa yasiyo na dereva yalipita barabarani kila nusu saa, lakini hayakusimama, kwa sababu Inyala haikuwa kituo kwenye ramani yao. Magari madogo ya kijijini yalikuwa yamekufa moja baada ya jingine, kila moja kwa kukosa kitu kidogo ambacho Kampuni iliacha kukitengeneza. Jumanne walijaribu kumpeleka mmoja wao, Mama Tuntufye, kwa pikipiki. Alizimia kabla hawajafika mlimani, wakamrudisha.

"Yule muuguzi wetu wa Mbeya amepiga simu tena," mzee alisema. "Kesho ni siku yake ya kupumzika, lakini amesema atakuja, atatuwashia mashine zote saba jioni. Ameniambia, mwalimu, njooni hata kwa kutambaa."

"Mtakwenda kwa gari."

"Hilo ndilo boksi?"

"Ndilo."

Mzee alikitazama kile kitenge kwa muda. "La Ambokile."

"La Ambokile."

Kila mtu Inyala alijua gari la Ambokile. Lilikuwa ndugu wa hili, aina moja, mwaka mmoja. Miezi miwili iliyopita liliacha njia kwenye mteremko wa Mlima Nyoka, na watu tisa wakafa pamoja na dereva wao. Barua ya Kampuni ilisomwa mazikoni kwa sauti: kumbukumbu zetu zinaonyesha dereva hakukanyaga breki, yaelekea alisinzia.

"Basi liweke, fundi. Unangoja nini?"

"Namngoja mke wake."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Desturi hiyo aliijua. Vijana wa gereji za mjini waliicheka, lakini mafundi wazee wa barabara ile waliishika: spea ya gari lililomfia dereva haisomwi wala haiwekwi kwenye gari jingine mpaka watu wa dereva waishike na kuitoa kwa mkono wao. Tusekile alifundishwa hivyo na bwana mmoja wa Chimala aliyempokea gerejini alipokuwa msichana, wakati wengine walimwambia arudi jikoni. Hakuwahi kuivunja.

"Muda unao?"

"Hadi kesho saa sita mchana."

Saa hiyo ndiyo Kampuni ingejitoa kwenye Lugha Moja. Yalikuwa makubaliano ya nchi zote za ukanda huu, kwamba kila gari lazima limjibu kila fundi, awe amesajiliwa na mtengenezaji au la. Kwa miaka kumi na minne mashine ya kupimia ya Tusekile ilizungumza na magari ya kila rangi. Kesho mchana magari ya Kampuni yangenyamaza. Boksi lililo ndani ya gari lingebaki ndani, na lililo nje lingebaki nje.

* * *

Madirisha ya Mama Lugano, mjane wa Ambokile, yanayotazama barabara yalikuwa yamefungwa. Alikuwa uani akimwagilia miche ya kabichi ambayo hakuna aliyeinunua tena.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mdogo wangu."

Kwenye kizingiti palikuwa na kikopo cha maziwa kimefunikwa kwa jani la mgomba. Tusekile alikisogeza asije akakipiga teke.

"Kila alfajiri nakikuta hapo," Mama Lugano alisema. "Sijui ni nani. Sitaki hata kumjua, nisije nikampoteza."

Waliingia ndani. Tusekile aliweka kitenge mezani, akakifungua, akaeleza alichokijia. Alieleza vizuri, bila kumsukuma: wagonjwa saba, radi, kesho saa sita. Mama Lugano alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Fundi alipomaliza, yule mwanamke aliweka kiganja juu ya boksi, kama desturi inavyotaka, na ikawa imebaki aseme tu nimelitoa.

Badala yake aliuliza, "Humu ndani kuna siku ile?"

Tusekile angeweza kusema hapana. Baadaye alilifikiria sana jambo hilo, kwamba neno moja dogo lingetosha, na lingekuwa uongo wa mtu mzima kwa ajili ya watu saba. Lakini alikuwa ameketi kwenye nyumba ya mfiwa na mkono wa mfiwa ulikuwa juu ya boksi.

"Ipo," alisema.

"Umeisoma?"

"Si yangu kuisoma."

"Nisomee mimi."

Tusekile alitoa mashine ya kupimia mkobani, akaunga waya, akatafuta siku na saa. Mashine ilikuwa na sauti ya mwanamke, kavu, isiyojua inamsomea nani.

"Saa kumi na mbili na dakika nane asubuhi. Breki imekanyagwa. Breki haipo. Inapokea maagizo mapya kutoka Kampuni. Tafadhali subiri."

Mama Lugano aliinua uso.

"Breki imekanyagwa. Breki haipo. Tafadhali subiri. Breki imekanyagwa. Breki haipo. Tafadhali subiri."

Ikasema hivyo mara kumi na tisa. Katikati ikasema honi. Ikasema honi tena. Ikasema usukani kushoto, kwenye ukingo wa udongo, mbali na bonde. Kisha ikakaa kimya kidogo, na mwisho ikasema, kwa sauti ileile, "Maagizo mapya yamepokelewa. Breki ipo tayari."

Nje kuku walikuwa wakiparura. Mama Lugano hakulia. Alisema, "Nisomee tena," na Tusekile akamsomea tena.

"Sasa chukua hayo maneno uyaandike kwenye karatasi," Mama Lugano alisema. "Tuwapelekee."

"Nitayaandika. Lakini karatasi haina muhuri, mdogo wangu. Watasema fundi ameyatunga. Muhuri umo ndani ya boksi lenyewe, na boksi hubeba maisha ya gari moja tu. Nikiliweka kwenye gari la wagonjwa, lazima kwanza lisahau."

"Lisahau yote?"

"Yote."

"Na nikilitunza?"

Hapa pia Tusekile hakudanganya. "Baada ya kesho mchana, wanaoweza kulisoma ni Kampuni peke yao."

"Wao wenyewe? Waliomtumia hayo maagizo mlimani?"

"Wao wenyewe. Mpaka sheria irudi."

"Itarudi lini?"

"Sijui."

Mama Lugano aliliburuta boksi taratibu hadi upande wake wa meza. "Niachie hapa," alisema. "Leo tu. Kwa miezi miwili nimelala na mwanamume aliyeua watu. Leo acha nikae na mume wangu."

Tusekile akamwachia.

* * *

Mchana ule alipiga simu Dodoma, kwenye ofisi ya serikali inayosoma maboksi ya ajali. Kijana mmoja akapokea. Alimsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo watu wa ofisi hawalifanyi mara nyingi, akamwomba asubiri, akaenda kuuliza, akarudi.

"Mama, boksi lazima lifike hapa lenyewe, na foleni yetu ni ya miezi minne. Na kuanzia kesho maboksi ya Kampuni hiyo hatuyasomi tena, tunayapeleka kwao."

"Na wao wakisema halina kitu?"

Kijana akashusha sauti. "Mama yangu naye ni dereva. Samahani sana, mama."

Alikuwa kijana mwema. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

Aliporudisha simu mfukoni, Tusekile alikaa juu ya tairi akafikiri. Gari la wagonjwa ni la aina ileile. Hakuna fundi anayeweza kulikataza kupokea maagizo. Yanakuja Kampuni inapotaka, gari likiwa uwanjani au likiwa mteremkoni. Boksi likitunzwa, huenda siku moja mtu mwenye cheo akalisikia, na magari yote ya namna ile yakasimamishwa kabla hayajaua wengine. Huenda. Na boksi likitunzwa, Mzee Anyelwisye hatafika Jumatatu. Hilo halikuwa na huenda.

Alijua mlango wa nyuma wa Mama Lugano haufungi vizuri. Aliona haya kwamba amekumbuka jambo hilo.

* * *

Ijumaa saa nne wagonjwa wote saba walikuwa wameshapanda gari lililokufa. Hakuna aliyewaita. Walikaa kila mtu kwenye kiti chake cha siku zote, na mikanda wamefunga. Gwantwa, dereva wao, msichana mwenye mabega mapana, aliwabeba wawili walioshindwa kupanda ngazi, akiwatania kwamba wamekuwa wazito kama magunia ya viazi mbatata.

"Ni maji, binti," Mzee Anyelwisye alisema. "Ukinikamua utamwagilia shamba."

Saa tano kasorobo mmoja wao alisema waende kumwomba Mama Lugano, wote, wakapige magoti.

"Hapana," mzee alisema. Sauti ilikuwa ileile iliyonyamazisha madarasa. "Watu saba wanaokufa wakipiga magoti mlangoni kwako, hiyo si kuomba, hiyo ni kumkaba mtu koo. Akija, amekuja."

"Na asipokuja?"

"Basi tutakuwa tumekaa pamoja mahali penye kivuli."

Kiti cha mbele alikaa Mama Tuntufye. Binti yake, Tuntufye, alikuwa miongoni mwa wale tisa. Alikuwa akienda chuoni kujiandikisha. Tusekile alimpelekea kikombe cha maji, kiasi cha kulowesha midomo tu, maana zaidi ya hapo wasingeruhusiwa. Alimfunika miguu kwa koti lake mwenyewe.

Saa tano na dakika ishirini Mama Lugano alionekana barabarani. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani, na boksi amelikumbatia kifuani.

Gwantwa alisema, "Asante Mungu," lakini Tusekile alikuwa akimtazama yule mwanamke usoni.

"Nitalitoa," Mama Lugano alisema, akisimama mbele ya mlango wa gari ulio wazi. "Shikamooni, wazee wangu. Nitalitoa sasa hivi. Naomba mlisikie kwanza. Lisisahau bila mtu kusikia. Ni hilo tu."

Tusekile aliunga waya. Sauti kavu ikasoma, na ndani ya gari watu saba wakasikiliza. Breki imekanyagwa. Breki haipo. Tafadhali subiri. Gwantwa alikuwa ameshika mlango, na kadiri ilivyoendelea vidole vyake vilizidi kubana. Mzee Anyelwisye alivua kofia. Honi. Honi. Usukani kushoto. Maagizo mapya yamepokelewa.

"Hakulala," Mama Lugano alisema. Alikuwa akimwambia mtu mmoja tu. "Mama Tuntufye, hakulala."

Mama Tuntufye aligeuka taratibu. Uso ulikuwa umevimba, macho yamebaki mistari miwili.

"Hiyo mashine ni ya nani?"

"Ni yangu, mama," Tusekile alisema.

"Wewe si ndiye uliyelifanya gari la mchungaji lidhani ni jipya? Wewe si ndiye unayeyafundisha maboksi kusema unachotaka? Inyala nzima tunakusifu kwa hilo." Alivuta pumzi, ilimchukua muda. "Mwanangu nimemzika bila uso. Leo mnaniletea redio."

"Mama, naapa..."

"Nifungulieni mkanda."

"Mama Tuntufye," mzee alisema.

"Mwalimu, niache. Nimeelewa. Kiti hiki sasa kina nauli. Nauli yake ni nikubali kwamba hakuna aliyemuua mtoto wangu, ni maagizo tu yalikuwa yanapita. Siilipi. Nifungulieni nishuke."

Akaanza kupapasa kifungo cha mkanda mwenyewe, na vidole, kwa kuvimba kule, vikashindwa. Hakuna aliyemsaidia. Saa ya ukutani gerejini ilikuwa tano na dakika thelathini na nane.

Mama Lugano aliliangalia boksi. Kisha akamkabidhi Tusekile kwa mikono miwili. "Nimelitoa," alisema.

Tusekile alilala chini ya usukani akalifunga. Nati nne, soketi mbili. Mikono ilijua kazi. Ilikuwa hivyo kwa miaka arobaini. Kwenye kioo cha mashine likatokea swali: boksi hili lina maisha ya gari jingine. Yafutwe? Alimtazama Mama Lugano, na Mama Lugano akaitikia kwa kichwa. Tusekile akabonyeza. Aliona mistari ikiondoka kutoka juu kwenda chini, mwaka baada ya mwaka, safari za sokoni, za harusi, za shule, na ilipofika mistari ya mwisho alifumba macho. Alipoyafumbua kioo kilikuwa cheupe. Gari likatetemeka kidogo, taa zikawaka, na sauti ikasema, "Karibu. Hii ni safari yako ya kwanza."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Mama Tuntufye alikuwa amefanikiwa kuufungua mkanda na ametoa mguu mmoja nje.

Mama Lugano alipiga magoti kwenye kokoto, kwa ile nguo ya kanisani, akaushika ule mguu uliovimba kwa viganja vyote viwili.

"Alilala," alisema.

Tusekile aligeuka.

"Mama, mume wangu alilala. Usiku ule hakuwa amepumzika, nilimwambia asiende, akaenda. Fundi amenihurumia akanitengenezea hayo maneno nipate usingizi. Umesema kweli. Alilala, akamuua mwanao. Hakuna nauli hapa. Huna deni la kumsamehe. Panda."

Basi lisilo na dereva lilipita barabarani, na wote walilisikia tangu mbali hadi lilipopotea.

Mama Tuntufye alimtazama yule mwanamke kwa muda mrefu. Haikujulikana anaamini nini. Kisha akaurudisha mguu ndani, na Mama Lugano akauinua, akauweka vizuri juu ya koti, akavuta mkanda na kuufunga mwenyewe. Mzee Anyelwisye, kutoka kiti cha nyuma, alinyoosha mkono ili amguse bega, lakini hakumfikia.

Tusekile alimvuta Gwantwa pembeni. "Mlimani shuka polepole. Ukiona gari limesema linapokea maagizo, usingoje. Liingize kwenye ukingo wa udongo palepale, hata kama halijaanza kukimbia."

"Nishuke kama nabeba wagonjwa."

"Ndiyo, mwanangu."

"Ninao saba," Gwantwa alisema, akajaribu kutabasamu, akapanda.

Gari likatoka chini ya bati likashika barabara. Saa sita ilipofika, mashine ya kupimia mikononi mwa Tusekile iliandika kwamba hakuna gari karibu, ingawa lilikuwa bado linaonekana, dogo na jeupe, likipanda.

Alimsaidia Mama Lugano kusimama, akamtoa kokoto magotini moja moja.

"Nilichoandika kwenye karatasi ninacho," alisema.

"Kichome. Nimeshasema alilala, mbele ya watu saba. Sasa nani atakisoma?"

Ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Gari lilipinda kwenye kilele na kuanza kuteremka upande wa pili, wasikouona. Wanawake wale wawili walibaki wamesimama kando ya barabara, mmoja amemshika mwenzake mkono, wakisikiliza.